Mwendo wa Kuchechemea

Lupyana Sanga aliisukuma pikipiki kwa mikono kutoka zahanati hadi bandani kwangu, kilomita mbili na nusu za kupanda, kitoroli cha mgonjwa kikiwa bado kimefungwa ubavuni. Nilimwona tangu akiwa chini kwenye daraja. Sikwenda kumsaidia. Mgongo wangu siku hizi una sheria zake, na saa nne asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka, hauniruhusu kusukuma hata toroli la mchanga.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inanikatalia."

Akaisimamisha mbele ya banda, akashika usukani kwa mikono miwili, akabonyeza stata. Injini haikuguna hata kidogo. Chini ya tangi ikatoka ile sauti ya dada mpole ambaye sote tunamjua na hakuna anayempenda: *Mwendeshaji amechoka. Tafadhali pumzika dakika arobaini na tano.*

"Leo siku ya nne," Lupyana alisema. "Nimelala, nimeamka, nimekunywa uji. Nikishika tu, nimechoka. Nikishika tena, nimechoka. Kana kwamba mimi mwenyewe sijui!"

Akaketi juu ya tairi bovu bila kukaribishwa. Nikamtazama mikono. Ilikuwa inatetemeka kidogo, kama ya mtu aliyebeba mzigo mzito na kuutua sasa hivi.

Kontrolboksi, ule ubongo wa injini ulio chini ya tangi, haikuwa imekosea. Tangu sheria ipite, kila pikipiki inayobeba watu inatoka kiwandani na mlinzi ndani yake. Vishikio vya usukani vinasoma mapigo ya moyo wako, jasho la viganja, na mtetemeko wa vidole. Vikikuona umechoka, mlinzi anakata mafuta na injini inazima hapo hapo, uwe mlimani, uwe bondeni. Miaka ya mwanzo tulishangilia, maana vijana walikuwa wanakufa barabarani kila wiki. Ni kweli wakaacha kufa. Wakaanza kufa wale wanaobebwa.

Habari za Sekela zilikuwa zimeshanifikia, kama zilivyokifikia kijiji kizima cha Ukange. Uchungu ulimshika Jumatatu alfajiri, damu ikaanza kumtoka, Nesi Yusta akaamua ateremshwe hospitali, naye akapanda nyuma kumsindikiza. Kwa Lupyana hiyo ilikuwa safari ya tatu ndani ya siku moja na nusu. Mwenzake wa zamu alihamia Makambako tangu mwaka jana, na badala yake hajaletwa. Walipofika Kona ya Mianzi, kilomita sita kabla ya hospitali, yule dada mpole akasema tafadhali pumzika. Lupyana alisukuma, alipiga kelele, alimbeba mgongoni. Mtoto yu hai, wa kiume, anakunywa maziwa ya kopo kwa bibi yake. Sekela tulimzika Jumatano.

"Mtoe huyo mlinzi, mama."

"Simtoi."

"Kuna wajawazito kumi na mmoja kwenye daftari la Yusta. Kumi na mmoja! Wawili ni wa mwezi huu. Unataka niwaambie wasubiri nipumzike?"

Niliingia ndani kuchemsha chai, kwa sababu mtu aliyesukuma pikipiki kilomita mbili na nusu hajibiwi kabla hajanywa kitu.

*

Nilimwekea chai na viazi vya kuchemsha, nikasogeza spana pembeni, nikaweka vitu vitatu mezani. Nilifanya hivyo kwa uvivu wa kueleza. Vitu ukiviona unavielewa.

Cha kwanza kilikuwa waya wa kuunganisha kompyuta. "Hii ni njia ya mtu muungwana," nilimwambia. "Kontrolboksi ya kiwandani inabaki. Ninaingia, ninasahihisha ramani ya mafuta, ninatoka."

Ramani nayo si ya barabara. Ni jedwali, kama yale ya kuzidisha ya darasa la tatu. Juu unaandika injini inazunguka kwa kasi gani, pembeni akseleta imefunguliwa kiasi gani, na katika kila chumba unaweka namba ya mafuta ambayo nozeli inapaswa kupuliza. Kiwanda kiliandika namba zake pwani, kwenye joto na hewa nzito. Huku Makete hewa ni nyepesi, pikipiki za betri zilishindwa na baridi zikarudishwa, na tunachoma spiriti ya ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo kila mgema anaikamua anavyojua. Ukiacha namba za pwani, injini inakohoa mlima mzima.

"Na mlinzi?"

"Mlinzi hapo haguswi. Amefungwa kwa kufuli la kiwanda."

Akakisukuma kile kiwaya kando, tena kwa kidole kimoja.

Cha pili kilikuwa kisanduku kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Sisi mafundi tunakiita mbeleko, kwa sababu kinapanda mgongoni mwa kontrolboksi na kubebwa. Kinakaa kati ya vishikio na mlinzi. Unarekodi mapigo ya mtu aliyelala vizuri, na tangu siku hiyo mlinzi anasikia mapigo hayo tu, hata kama aliyeshika usukani ni maiti. Unamdanganya, kwa ufupi.

Cha tatu nilikitoa kwenye kopo la shayiri juu ya rafu: kontrolboksi tupu. Haina kiwanda, haina kufuli, haina hata namba moja. Kila kitu unaandika mwenyewe, ukitaka mlinzi unaandika mlinzi, usipotaka huandiki. Sheria inairuhusu kwa sharti moja tu. Mwishoni inakuuliza jina la aliyeandika, na pikipiki hiyo ikiua mtu, jina hilo ndilo linaloitwa.

Lupyana hakufikiri hata dakika. "Hiyo. Bila mlinzi. Kama ya Alatanga."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Alatanga alikuwa rafiki yangu, mama. Aliniambia wiki ile ile, kwa furaha, kwamba Mama Fundi kamfungua minyororo." Alikuwa anamenya kiazi huku ananiambia hayo, bila kuinua macho. "Sijamwambia mtu. Miaka tisa."

Miaka tisa. Nami nilidhani ninaibeba peke yangu.

Nitasema ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuizunguka. Alatanga Ngogo alikuwa na miaka ishirini na minne, anabeba abiria na magunia hadi Njombe. Alikuja mchana wa mvua akiniomba nimtoe mlinzi. Nilikuwa nimefungua injini tatu tangu asubuhi, mgongo unawaka. Nikachukua kontrolboksi tupu, nikaandika ramani ya mafuta harakaharaka, sehemu ya mlinzi nikaiacha wazi. Iliponiuliza jina, nikaiacha wazi vilevile.

Huku kwetu kuna desturi: fundi akishafungua injini, safari ya kwanza anaendesha yeye, hadi kanisani juu na kurudi, na mwenye chombo anakaa nyuma kama mzigo. Ukiogopa kukipanda ulichokitengeneza, basi hujakitengeneza. Siku ile mvua ilikuwa kubwa. Nikamwambia, "Nenda tu, mwanangu, iko sawa."

Wiki ya tatu alisinzia kwenye usukani, akatumbukia korongoni. Polisi walifungua kontrolboksi wakakuta hakuna jina, hakuna mlinzi. Kijiji kikaamua kwamba kijana alichokonoa pikipiki mwenyewe kwa tamaa ya safari. Mchungaji aliligusia hata kwenye mahubiri ya mazishi. Mama yake aliinamisha kichwa, nami nilikuwa benchi la nyuma yake, nikainamisha changu. Mpaka leo, kila mavuno, mama huyo ananiletea debe la viazi kwa sababu niliwahi kumtengenezea pampu. Hivi tulivyokuwa tunakula ni vyake.

"Kwa hiyo unajua kwa nini simtoi," nilimwambia Lupyana.

"Najua. Na wewe unajua kwa nini naomba." Akaweka kiazi chini. "Bora punda afe, mzigo ufike."

"Punda akifia njiani, mzigo unafikaje? Unaota miguu?"

Hakucheka. Akaanza kulia, kimya kimya, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, maganda ya viazi yakiwa mapajani. Nami sina nguvu za kutazama mwanamume akilia. Nikasema, "Haya. Tutaweka mbeleko."

Sikuichagua kwa hekima, msinisifie. Niliichagua kwa sababu mbeleko haiulizi jina.

*

Mapigo ya kurekodi yangekuwa yangu. Nilijiambia kwamba ikitokea balaa, angalau moyo uliodanganya utakuwa wa kwangu. Ujinga wa namna hiyo unamfariji mtu anapotaka kulala.

Na kulala nililala. Nilifunga banda jua likiwa bado lipo, nikala, nikajitupa kitandani, nikaamka jogoo wanawika. Lupyana alipofika nilikuwa nimeshanawa uso, nimejifunga kitenge kipya, nimekaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki kama bibi harusi. Nikashika vishikio dakika kumi bila kusema neno. Mbeleko ikarekodi. Nikaichomeka mgongoni mwa kontrolboksi, nikabonyeza stata.

*Mwendeshaji amechoka. Tafadhali pumzika dakika arobaini na tano.*

"Waya umelegea," nilisema.

Nikakaza waya. Nikarekodi upya. *Mwendeshaji amechoka.* Nikanywa chai, nikatembea hadi kisimani na kurudi, nikavuta pumzi kama wanavyofundisha kliniki, nikarekodi mara ya tatu. Safari hii yule dada aliongeza: *Tafadhali muone mtaalamu wa afya.*

Lupyana alijizuia, alijizuia, mwisho akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mama, hata wewe!"

"Nyamaza."

"Umelala saa kumi nzima!"

"Nimekwambia nyamaza, wewe!"

Nami nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Kilichonikata maini si kwamba kile kidude kilinikatalia. Kilisema kweli. Nilikuwa nimechoka toka mchana ule wa mvua, na katika kijiji kizima aliyenitambua ni sanduku la bati.

"Tutafute mtu mwingine," Lupyana alisema akifuta macho. "Binti yeyote aliyelala vizuri. Hata mtoto wa shule."

"Hapana."

"Mama, ulishakubali!"

"Nilikubali jana. Leo nimekataa." Nikaichomoa mbeleko, nikaitia mfukoni mwa aproni. "Hebu sikiliza. Huyu mlinzi hajakosea kwangu. Hajakosea kwako. Na Jumatatu hakukosea, Lupyana, usinikunjie uso. Ulikuwa umechoka kweli. Tatizo si kwamba anajua. Tatizo ni kwamba akishajua, kuna jambo moja tu analoweza kufanya, nalo ni kusimama."

"Sasa afanye nini?"

Nilikuwa sijui bado. Nilikuwa ninalisikia tu, kama unavyosikia nati iliyolegea kabla hujajua iko wapi.

"Ng'ombe akivunjika guu malishoni anafanya nini?" nilimuuliza.

"Anajikokota zizini."

"Anajikokota. Hasimami porini akasema tafadhali nipumzike."

*

Tulifanya kazi siku mbili, asubuhi hadi jioni. Kontrolboksi ya kiwandani niliifungua nikaiweka kwenye kopo la shayiri, na ile tupu ikachukua nafasi yake chini ya tangi.

Kwanza ramani ya mafuta, chumba kwa chumba, vyumba mia mbili hamsini na sita. Lupyana alishika akseleta pale nilipomwambia aishike, ananisomea joto la injini, ananusa eksozi. Ikinuka kama pombe mbichi, mafuta yamezidi, ninapunguza namba. Ikipiga vishindo vya bisi, mafuta ni machache, ninaongeza. Tulijaribu spiriti za wagema watatu tofauti, maana barabarani mtu hachagui. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ulitetemeka, lakini ulikuwa mzuri.

Siku ya pili mchana tulifika kwenye mlinzi.

"Vishikio vitaendelea kukusoma," nilimwambia. "Ukiwa mzima, injini yote ni yako. Ukichoka, haizimi. Inashuka hadi kilomita ishirini kwa saa, taratibu, siyo kwa kukata. Inabaki hapo. Huwezi kuizidisha hata ukiivunja akseleta. Na honi inalia kila nusu dakika, ikuamshe wewe na iwaamshe walio mbele yako."

"Ishirini!" Alisimama. "Mama, ishirini ni mwendo wa baiskeli! Nimembeba mtu anavuja damu, wewe unanipa mwendo wa baiskeli na honi? Afadhali uiache wazi!"

"Kama ya Alatanga."

"Ndiyo, kama ya Alatanga! Yeye alisinzia, mimi sitasinzia!"

"Jumatatu ulisinzia?"

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza kugonga bati.

"Mara moja," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kabla ya Kona ya Mianzi. Yusta alinipiga begani. Ndipo ikazima."

Sikumlaumu. Nilichukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa banda, palipo na weusi wa oili.

"Kutoka Kona ya Mianzi hadi hospitali ni kilomita ngapi?"

"Sita."

"Kwa ishirini kwa saa?"

Alihesabu kwa vidole. Nilimwona anafika kwenye jibu, na nilimwona anatamani asingefika.

"Dakika kumi na nane," alisema.

"Na Yusta amesema Sekela aliishi muda gani pale?"

Alijua, na mimi nilijua, kijiji kizima kilijua. Zaidi ya nusu saa. Angefika. Angefika kwa mwendo wa baiskeli, na honi juu, akiwa bado anapumua. Lupyana alikwenda akasimama mlangoni, akaniachia mgongo wake, akaitazama mvua.

Nami nilibaki na chaki mkononi, kwa sababu hesabu ile ilikuwa na mstari wa pili ambao sikuuandika. Mlinzi huyu wa kuchechemea angenichukua saa tatu kumwandika. Saa tatu tu! Sikuhitaji kifaa kipya wala elimu mpya. Mchana ule wa Alatanga ningeweza kuandika mistari ile ile, na kijana angesinzia kwenye ishirini, honi ikamwamsha, au akaanguka kwenye nyasi akachubuka goti. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kuacha wazi ni rahisi kuliko kuandika. Mungu anisamehe, sababu haikuwa kubwa kuliko hiyo.

"Andika, mama," Lupyana alisema bila kugeuka. "Andika ya ishirini."

Niliandika. Kioo cha kompyuta kikauliza: *Jina la aliyeandika?*

Kidole kilikaa juu ya vitufe muda mrefu. Nikaandika: Enesia Tweve, Ukange. Kisha nikabonyeza kabla sijajadiliana na nafsi yangu.

*

Mvua ilikatika saa kumi. Nikavaa koti, nikachukua helmeti.

"Wapi tena?" Lupyana aliuliza.

"Kanisani na kurudi. Desturi. Panda kitorolini."

Alikitazama kile kitoroli. Nilikuwa nimekiosha mwenyewe, lakini kuna vitu havioshwi. Akakaa taratibu, magoti yakiwa karibu na kidevu, akashika ukingo kwa mikono miwili. Mimi nikapanda, nikashika vishikio, nikabonyeza stata. Injini iliitika mara moja, sauti safi, bila kikohozi. Nikatia gia.

Hatujafika hata mita mia, mwendo ukashuka wenyewe. Ishirini. Nikavuta akseleta, wapi! Ishirini. Honi ikalia.

"Imekusoma, mama," Lupyana alisema kutoka chini.

"Acha inisome."

Tukapanda mlima hivyo, bibi kizee na mtu mzima kitorolini, honi ikilia kila nusu dakika kama gari la harusi lililokosa bibi harusi. Watu walitoka majumbani. Wengine walicheka, wengine walipunga. Lakini haikuzima. Mlima wote, matope yote, haikuzima.

Shamba la Mama Alatanga liko kando ya barabara, kabla tu ya kanisa. Alisikia honi, akainuka kwenye matuta, jembe mkononi, akaja hadi ukingoni.

"Mbona polepole hivyo, Fundi? Imeharibika?"

Nikashika breki. Lupyana akageuza kichwa kunitazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Haijaharibika, dada. Inajua nimechoka, ndiyo maana inakwenda taratibu."

"He! Makubwa hayo. Sasa hivi vyombo vinajua kila kitu."

"Hiki kinajua." Nilivua helmeti. "Cha Alatanga kilikuwa hakijui, dada. Mimi ndiye niliyekifungua. Yeye hakuchokonoa kitu. Niliandika mimi, nikaacha jina wazi."

Jembe aliliteremsha polepole mpaka likagusa ardhi, akaegemea mpini. Honi ikalia kati yetu, ikanyamaza, nusu dakika ikapita, ikalia tena.

"Zima hiyo injini," alisema. "Zima, halafu uniambie upya, nisikie vizuri."

Nikazima.